Nilimpa Rwamba Mkate, Akampa Mithika Wangu Kisu

Haya niliambiwa na mjukuu wangu Karimi Jumamosi iliyopita, mchana, tukichagua mawe kwa ndengu.

"Shosho, huyu akifa, amekufa. Harudi tena."

Nikamwambia hilo nalijua kuliko yeye.

Na kabla hizo ndengu hazijaiva, kisu kilikuwa kimeingia kwa mgongo wa Mithika hadi mpini!

Damu ikarukia ukuta.

Na yule aliyemchoma, makombo ya mkate wangu yalikuwa bado kwa ndevu zake…

Ngojeni, wajukuu wangu wa humu mtandaoni. Wacha nianze mwanzo, na nyinyi ambao ndio mnaanza gemu kama hizi mshike vizuri, kwa sababu mimi nimechinjwa huko mara nyingi ndio nikajua.

Mithika alikuwa mume wangu. Aliteremka kutoka Meru kununua mbuzi hapa Kiritiri, akaniona, na hakurudi.

Sasa ni marehemu. Kuna mtu alikuja akiomba chakula, Mithika akamlisha, akamtandikia. Huyo mtu alimpiga shoka Mithika akiwa amempa mgongo, akafungua zizi, akaenda na mbuzi.

Siongezi hapo.

Mithika ninayewaambia leo ni yule wa ndani ya gemu.

Karimi anauza ndizi Gakoromone, ile soko kubwa ya Meru mjini. Alikuja kunisalimia na mashini yake kwa begi, akaiunganisha na tivi yangu. Nikadhani ni ule mpira vijana hupigia kelele huku sokoni.

Kumbe ni nchi nzima!

Inaitwa Nchi ya Ukungu. Kuna mlima umesimama kama Kiang'ombe asubuhi ya mvua. Kuna mito, kuna mashamba, kuna mafisi wanaovaa vyuma. Maneno yameandikwa Kiswahili, kwa hivyo nasoma, polepole lakini nasoma.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba hakuna mtu anakuambia uende wapi. Unataka kulia, nenda. Unataka kushoto, nenda. Ukienda vibaya unakatwa kichwa, na hakuna wa kulaumiwa.

Halafu mtu akatokea kwa tivi.

Bega moja limeshuka. Unyusi mmoja umekatika katikati, pale beberu alimpiga pembe.

Ndengu zikanimwagika.

Karimi akaniambia alimtengeneza huyo mtu baada ya mazishi. Hiyo gemu inakupa pua, inakupa macho, unachagua mpaka unapata. Alikaa na hiyo sura hadi ikawa babu yake. Yeye ndiye alibebwa na Mithika mgongoni akiwa mdogo, kwa hivyo hilo bega alilijua.

Akaniambia pia kuna njia mbili za kucheza. Kuna ya kufa na kufufuka, na kuna ya kufa mara moja tu, jina linafutwa na sura inafutwa. Yeye alichagua hiyo ya pili.

Nikamuuliza mbona ujitese hivyo.

"Ningechagua ya kufufuka, shosho, singemchunga."

Na kweli alikuwa anamchunga. Tangu amtengeneze, Mithika alikuwa akilala msituni pekee yake, chini ya miti, moto umezimwa. Hajawahi kuingia nyumba ya mtu.

Sikumuuliza ni kwa nini. Nyumbani kwetu hakuna asiyejua.

Basi nikasema nataka kujifunza. Akanitengenezea mtu wangu, wa kufufuka, akaniambia nishike pedi.

Nikamwambia mimi mambo ya pedi nilimaliza kitambo.

Karimi akacheka hadi akashika meza. Kumbe pedi ni hicho kitu cha vidole, chenye vibonyezo!

Hapo mateso yakaanza.

Nilivuka daraja, nikakutana na jambazi. Nikamkata, nikamkata, nikamkata, upanga ukawa mzito, mikono ikaanguka. Akanitoboa tumbo nikiwa nimesimama nahema.

Kwa hivyo sikia, wewe unayeanza. Kuna mstari mwekundu, huo ni damu yako, na kuna wa kijani, huo ni pumzi. Pumzi ndiyo ya kuangalia. Ni kama kupasua kuni. Piga, pumua, piga. Anayepasua kwa hasira hachemshi hata chai.

Nikafufuka. Mafisi wakanizunguka, mmoja mbele ananichezesha, wengine nyuma wananirarua miguu. Nilisikia mifupa ikivunjwa kwa hiyo tivi!

Nikafufuka. Safari hiyo nikaegemea jiwe kubwa, nikawangoja waje mmoja mmoja kama watu wa foleni ya maji. Wa kwanza nilimpasua taya. Wa pili nilimkanyaga shingo. Wa tatu akakimbia na utumbo wake.

Karimi akasema, "Shosho, wewe ni mbaya."

Nikajiona mtu.

Nikaingia kijiji, nikaona nyumba iko wazi, meza ina uji na mkate. Nilikuwa nimeumia, na huko ndani chakula ndicho dawa, kinafunga damu. Nikala.

Aki walinzi wakaingia na mashoka! Walinipiga hata sijaweka bakuli chini. Kichwa kilibingirika hadi kwa mafiga.

Niliudhika. Huku kwetu mtu akiwa na njaa njiani, anavunja muwa kwa shamba la mtu, anatafuna hapo hapo, anaacha maganda mwenye shamba aone. Huyo si mwizi. Mwizi ni yule anabeba. Mimi sikubeba kitu, nilikula hapo hapo, na bakuli niliacha!

Karimi akanieleza kwamba huko ndani haijalishi. Kitu kikiwa na jina jeupe, chukua. Kikiwa na jina jekundu ni cha mtu, na ukikigusa unawindwa.

Nikamuuliza basi mgeni hula aje.

Akasema wageni huko hawali, wananunua ama wanaiba. Nikaona kibonyezo kimoja hajanifunza, nikamuuliza ni cha nini.

"Hicho ni cha kukaa tu, shosho. Hakina kazi. Hakuna mtu hukitumia."

Baadaye akarudi kwa Mithika wake, akawa anamtembeza barabarani, mimi nachochea ndengu.

Ndipo jirani akapiga mbiu kutoka ng'ambo ya ua. Mbuzi zetu zimeingia kwa kunde zake!

Karimi akasimama, akakaa, akasimama tena. Kwa sababu hiyo njia ya kufa mara moja haina kusimamisha. Ukiacha pedi, mtu wako anabaki amesimama njiani kama kigingi, na anayepita anamchinja. Ni mpaka alale ndio unaweza kuzima.

Na magoti yangu hayawezi kufukuza mbuzi.

Akaniwekea pedi kwa mikono.

"Mtembeze kwa barabara tu. Ukiona mtu, mhepe. Shosho, tafadhali."

Akakimbia.

Nikabaki na Mithika.

Nikamtembeza vizuri. Nikawa hata namwongelesha, namwambia angalia hapo kuna shimo.

Mbele, kando ya kinu kilichobomoka, kulikuwa na mtu amekaa chini ameshika mguu. Maneno yakatokea: jina lake Rwamba, hajala, anaomba chochote.

Nilijua nimeambiwa nihepe.

Lakini ninyi niambieni, Mithika wa kweli angepita?

Nikafungua mfuko. Kulikuwa na mkate mmoja. Nikampa wote. Akala akisema asante baba, asante baba. Halafu nikamgeuza Mithika tuendelee na safari…

Kisu!

Mstari mwekundu ukashuka kama maji ya kumwagwa. Ukabaki kipande kidogo kama kucha, na hicho nacho kikawa kinavuja.

Rwamba akapiga mluzi. Kutoka kwa kinu wakatoka wawili, mmoja na rungu, mmoja na panga.

Nilitaka kutupa pedi na kufunika macho. Wallahi nilitaka, hata kama mimi ni mtu wa kanisa.

Lakini jina lingefutwa. Hiyo sura ingefutwa. Karimi angerudi na mbuzi apate nimemzika babu yake mara ya pili.

Nikamrudisha Mithika nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta wa kinu. Hakuna wa kumjia nyuma tena.

Mwenye rungu akaja. Piga, pumua. Shoka la Mithika likamwingia begani, likatoka na nyama. Piga. Akaanguka akishika koo.

Mwenye panga akaja na hasira, akakata, akakata, akakata. Nilimngoja. Mkono wake ulipochoka ukaanguka, nikampasua kifua kama gogo la mgunga.

Rwamba yeye hakukaribia. Alisimama mbali anatabasamu. Alijua damu inavuja na mfuko uko mtupu. Mkate ulikuwa kwa tumbo lake.

Kwa hivyo mpe mtu chakula, sikukatazi, lakini usimpe kipande cha mwisho.

Nikakimbia. Damu inachora barabara, Rwamba anafuata polepole kama mtu anapeleka mbuzi mnadani. Nikaona nyumba, mlango wazi, moshi unatoka. Nikaingia.

Mama mzee amekaa kwa moto. Sufuria inachemka. Mezani kuna mkate na maharagwe.

Jina jekundu!

Nikila, walinzi watamkata. Nisipokula, atavuja hadi aishe. Na viatu vya Rwamba nasikia kwa mawe ya nje.

Kucha ya damu ilikuwa imebaki kama uzi.

Nikajiuliza, mimi mtu akiingia kwangu anavuja damu, akimbilie meza, nitamfikiria nini? Mwizi. Na akisema hodi, akae?

Nikamsogeza hadi kwa kigoda kando ya moto. Nikabonyeza kile kibonyezo hakina kazi.

Mithika akakaa. Akaweka shoka chini, akaweka mikono kwa magoti.

Mama mzee akageuza kichwa, akamwangalia. Maneno yakatokea polepole, ama ni mimi nilisoma polepole:

"Mgeni hukaa, halafu hula."

Akachota maharagwe, akampa bakuli. Nikaangalia jina.

Jeupe!

Akala. Damu ikakatika. Mstari ukaanza kupanda.

Hapo Rwamba akaingia na kisu mbele. Hakusema hodi, hakuangalia mwenye nyumba, macho yake yalikuwa kwa Mithika tu.

Yule mama akainuka na sufuria.

Akammwagia maji ya moto usoni, yote! Ngozi ikatoka na ndevu. Rwamba akalia, akapofuka, kisu kikawa kinakata hewa. Mithika akaokota shoka. Piga, nikambonyezea. Pumua. Piga.

Rwamba akaanguka kwa kizingiti, miguu nje, kichwa ndani.

Mama mzee akamvuta nje kwa miguu, akafunga mlango, akarudi akaweka sufuria nyingine.

Karimi aliporudi alikuwa na miiba kwa sketi na jasho usoni. Aliona damu kwa tivi kwanza. Alisimama mlangoni.

Nikamwambia yuko hai.

Akapiga magoti karibu na tivi, akamwangalia vile anakaa kwa moto na bakuli. Nikamweleza yote, pamoja na mkate. Nilimngoja anigombeze, maana nilikuwa nimekatazwa.

Hakugomba. Aliuliza kitu kimoja, na najua hakuwa anauliza juu ya gemu.

"Shosho, mtu mwingine akija ameshika mguu, utampa tena?"

Nikamwambia nitampa. Mkate siujutii. Ninajutia mgongo. Siku ile Mithika wa kweli hakukosea kulisha mtu, alikosea kugeuka. Anayekula kwako ale mkitazamana, na usiache ubaya wa mmoja ukufungie milango ya wote, kwa sababu ni mlango wa mtu ulituokoa leo.

Karimi akafuta uso na leso yangu. Akasema, kwa sauti ndogo, miaka yote alikuwa anamlaza msituni akidhani anamchunga.

Maneno yakatokea tena kwa tivi. Mama mzee alikuwa amekalia kigoda chake nyuma ya mlango, mwiko mkononi, anaangalia kitanda kilicho pembeni.

"Lala, mgeni. Mimi niko macho."

Nikampa Karimi pedi. Alinyoosha kidole kwa kibonyezo, akashindwa. Akanirudishia.

Nikabonyeza.

Mithika akavua viatu, akaviweka pamoja vile alikuwa anaviweka. Akapanda kitandani. Bega lililoshuka likashuka zaidi. Halafu akageukia ukuta, akatupa mgongo sisi wote, na akalala.