Bwana Kata na Shuka ya Mtoto

Jioni ile nyumba ilikuwa imetulia tuli. Mama alikuwa kwenye cherehani akipinda gauni la mteja, na binti yake wa darasa la pili amekaa miguuni pake akimtegea vitendawili. Mara mlango ukasukumwa kwa kishindo.

"Shuka iko wapi? Watu wameshajaa!"

Huyo ndiye Bwana Kata, baba mwenye nyumba. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu kutwa nzima alishinda akipaza sauti, "Kata!", yaani kamera izimwe. Alitengeneza filamu za chini kwa chini, bila kampuni wala mfadhili, akazionyesha kwenye stoo iliyo chini ya duka la viatu. Shuka ya mtoto ndiyo iliyokuwa skrini.

Filamu zake zilikuwa tamu, simnyimi haki yake. Watu walicheka wakashika mbavu. Lakini nyumbani, wenzangu, nani alicheka? Mkewe akipakua chakula, aliambiwa, "Msiguse, bado tunapiga picha!" Mtoto akianguka akilia, aliambiwa, "Hebu lia tena, uso ulikuwa gizani."

Mama wa watu alichoka. Mikoba yake na ya mtoto ilikuwa tayari nyuma ya mlango. Kesho yake wangehamia kwa bibi. Ila alibakiza jaribio moja.

Siku chache nyuma, mpiga kamera hakutokea. Bwana Kata akampa mkewe kamera ampige picha yeye. Aliposema, "Kata!", mkewe hakukata. Aliiacha iende mpaka saa ya kula, kisha akamwomba mhariri wa filamu, shemeji yake, aunge kipande hicho mwishoni.

Basi jioni ile mama na binti nao wakaenda stoo. Filamu ikaisha, makofi yakalia, Bwana Kata akasimama kifua mbele. Shuka ikawaka tena! Akajiona yuko mezani, anakula huku macho yamezama kwenye karatasi zake. Kando yake, binti.

"Baba, kitendawili!"

Baba wa kwenye shuka akamega tonge jingine.

"Baba! Kitendawili!"

"Mjibu mtoto, wewe!" fundi viatu mmoja akamfokea yule wa kwenye shuka. Watu wakaangua kicheko. Binti wa kwenye shuka alipoita tena, stoo nzima ikaitikia, "Tega!" Wa kwenye shuka akageuza karatasi.

Bwana Kata hakucheka. Alipenya katikati ya watu, akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Tega, mwanangu."

"Nina jicho moja, namwona kila mtu ila aliyenishika."

Akajibu, "Kamera."

"Umepata!" Mtoto akamrukia shingoni, stoo ikalipuka kwa vigelegele.

Shuka aliitungua mwenyewe, akaitandika mwenyewe kitandani.

"Nani kakufundisha kupiga picha, mke wangu?"

"Wewe. Ila kukata sijui."

Wakacheka mpaka machozi. Mikoba ikarudi juu ya kabati. Filamu anatengeneza hadi leo, tena nzuri kuliko zile, lakini saa ya kula kamera inafunikwa kitambaa. Na skrini? Mkewe ameshona mpya, pana kama ukuta.

Mafunzo

Ninyi mnaopenda kazi zenu, zipendeni sana. Lakini watazamaji wa kwanza ni wale mnaokula nao. Mtoto akikuita, inua macho umwitikie, usingoje mpaka umwone kwenye shuka.