Somo wa Kitanda cha Dirishani

Jioni ile nilikuwa napeleka uji hospitalini, basi. Nilifunga cherehani mapema, nikaacha suruali ya mteja haijapindwa miguu, nikabeba chupa ya uji kwapani na shuka safi kwenye mfuko. Binti yangu alikuwa na siku ya tano wodini. Homa ilimpanda kila jua likizama na kumshuka kila kukipambazuka, na daktari alikuwa ameshapima kila alichojua kupima.

Ana miaka kumi na saba. Jina lake sitaliandika. Ukimaliza kusoma hutanilaumu.

Wodi ya wanawake ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda kumi na viwili, na swichi ya taa iliyolegea kiasi kwamba nesi aliibonyeza kwa mpini wa ufagio. Kati ya wagonjwa hao kumi na wawili, watatu walikuwa na jina moja. Binti yangu, karibu na mlango. Mwalimu wa shule ya msingi, katikati, mguu kwenye plasta baada ya kuteleza bafuni. Na bibi mmoja mkongwe, kitanda cha dirishani, ambaye sikuwahi kuona mtu akija kumtazama.

Mwanzoni tulicheka. Nesi akiita jina kwa ajili ya sindano, zinamjibu sauti tatu. Mwisho akaniomba nyuzi kwenye mkoba wangu wa kushonea, akawafunga mkononi: nyekundu binti yangu, ya bluu mwalimu, nyeupe bibi, ili dawa ya huyu isiende kwa yule. Mwalimu akasema wafungue chama kabisa, yeye awe katibu kwa kuwa ana mwandiko mzuri.

Jioni ile nilipofika niliwakuta wanabishana maana ya jina lao. Mwalimu alisema marehemu baba yake alimfundisha kuwa maana yake ni mwanga wa mwisho kabla ya giza. Nikasema mimi niliambiwa ni neema, na aliyeniambia ni mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyempa mjukuu wake jina hilo. Bibi wa dirishani alitusikiliza sote. Kisha akasema kwao maana yake ni amana. Kitu cha mtu, umewekewa tu.

"Na mwenyewe akija kukidai?" mwalimu akamuuliza, anacheka.

Bibi hakucheka.

"Hadai. Anaita. Ukiitika, umempa."

Jua lilikuwa limeshazama na nesi hajawasha taa. Kule nje, upande wa geti, mtu akaita jina lile.

Sauti ya mwanamke. Ya kawaida kabisa, kama ya jirani aliyekuja kurudisha bakuli. Binti yangu alikuwa amelala. Bibi alifumba macho, akabana midomo mpaka ikapotea usoni. Mwalimu alikuwa anamsubiri dada yake, kwa hiyo akageuza shingo na kuitika kwa sauti nzuri ya darasani.

"Abee."

Tukasubiri. Hakuna aliyeingia.

Ilikuja harufu tu... harufu ya nguo mbichi zilizosahauliwa ndani ya beseni mpaka zikavunda.

Asubuhi nilikuta kitanda cha katikati kimetandikwa upya.

Mtu wa mguu. Mtu aliyekuwa aruhusiwe Ijumaa. Nesi aliniambia damu iliganda ikapanda kwenye mapafu, hutokea. Alisema hivyo huku ananawa mikono, akanawa tena, akanawa tena.

Nilitoka nje nikampigia simu mama mkwe. Nilimuuliza jina la mwanangu alilitoa wapi. Aliniuliza kwanza kama niko peke yangu. Halafu akanieleza jambo alilonificha miaka kumi na saba. Siku niliyojifungua nilizimia, na mtoto alitoka hapumui. Wakunga walikuwa wameshamfunika. Mama mkwe alikuwa kwenye korido, anatembea huku na huku, akamwona mwanamke asiyemjua, nguo zimelowa chapachapa wakati mvua haijanyesha mwezi mzima. Yule mwanamke akamwambia ampe mtoto jina lake, naye atapumua.

"Nikampa, mwanangu," mama mkwe akasema. "Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nililitamka tu, mtoto akalia palepale."

"Hakusema kingine?"

"Alisema ni la kuazima."

Nilirudi wodini mbio. Nilimwomba nesi abadilishe jina kwenye faili, aandike jina lolote, hata langu. Aliniangalia kwa huruma, akaniuliza jina likibadilika dawa zitamfikaje. Nikamwendea daktari aniruhusu niondoke na mtoto. Akakataa, alisema nikiuchomoa ule mpira wa dripu namuua mwenyewe. Nikabaki nimesimama katikati ya vitanda kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Mchana binti yangu alikuwa na akili zake. Nilimwapisha asiitike akiitwa, hata na mimi. Aliniahidi, akaniambia nimechoka, nikalale. Lakini jioni homa ilipopanda alianza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Alimwitikia shangazi yake, aliwaitikia wenzake wa shuleni, aliuitikia hata mlango ulipogongana na upepo.

Jua likazama.

Safari hii sauti ilitoka mlangoni mwa wodi.

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Pumzi yake ilinichoma kama mvuke wa pasi. Kule dirishani nilimwona bibi naye amejiziba kwa mikono miwili, amenitumbulia macho makavu. Jina likaitwa mara tatu, taratibu, bila hasira. Kisha ile harufu. Kisha hakuna.

Nesi alipowasha taa nilikwenda kukaa kitandani kwa bibi. Alininong'oneza kwamba ameanza kuitwa tangu hajavunja ungo. Amehama nyumba tisa. Aliliacha jina, akajiita Mama Mboga alipokuwa anauza mboga, akajiita Bibi alipozeeka, na watu wa mtaani kwake hawajui jina lingine. Lakini hospitali walitaka kitambulisho, jina likaandikwa kwenye faili, na likaanza kutamkwa asubuhi na jioni.

"Jana getini, leo mlangoni," akasema. "Kesho ni kitandani. Akifika kitandani hasemi mara tatu akaondoka. Anakaa mpaka mmoja aitike."

Nilimuuliza kama ukimpa mmoja anaridhika. Nadhani alijua ninachofikiria kabla sijakijua mimi.

"Anaridhika kwa muda, mara siku moja, mara miezi," akasema. "Lakini mama, usije ukadhani mtu akizeeka amechoka kuishi. Mimi bado nataka."

Siku iliyofuata nilifika saa tisa alasiri. Bibi alikuwa ameongezewa dawa ya maumivu na macho yalikuwa mazito. Aliniita kwa mkono, nikainama. Aliniomba jambo moja tu: akipitiwa na usingizi, nimwamshe kabla jua halijazama, kwa sababu mtu aliyelala huitika bila kufikiri.

"Utaniamsha?"

"Nitakuamsha, bibi."

Nilisema hivyo. Nilimshika na mkono.

Alilala saa kumi na moja. Nilikaa kando ya binti yangu nikamwangalia bibi kule dirishani, mwanga unapanda ukutani, unakuwa mwembamba, unapanda. Ilikuwa hatua kumi na tano kwenda kumwamsha. Nilizihesabu kwa macho. Kila nikitaka kunyanyuka, binti yangu anaugua, nami naendelea kukaa. Nilijiambia nitakwenda sasa hivi. Nilijiambia hivyo mpaka ukuta ukawa mweusi.

Shwa... shwa...

Mguu mmoja unakanyaga, mmoja unaburutwa. Wagonjwa wengine walikuwa wamelala wote, hata yule wa kitanda cha tatu ambaye hukohoa bila kupumzika. Harufu ikajaa kooni.

Alisimama miguuni pa kitanda chetu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, kama mimi. Nguo zilimgandia mwilini, zinachuruzika, na sakafu chini yake ilikuwa kavu. Uso wake... niliutazama, nikiondoa macho siukumbuki, nikirudisha naona kama ni mtu tuliyewahi kujuana. Hakunijali. Alimwinamia mwanangu akamwita kwa upole, kama mama anayemwamsha mtoto aende shule.

Nilimziba mdomo. Akaning'ata. Homa ilimpa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Aligeuza kichwa huku na huku, midomo ikateleza nje ya kiganja changu. Nilisikia sauti inapanda kifuani mwake.

"A..."

Hapo nikageukia dirishani. Na nikaita.

Mimi. Nililiita jina lile kwa sauti yangu mwenyewe, na niliilainisha, kama unavyomwita mtu unayempenda chai ikiwa tayari.

"Abee, mwanangu," bibi akaitika usingizini.

Yule mwanamke akanyooka. Kwa mara ya kwanza akanitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo kama watu wanavyoshukuriana dukani.

"Asante, somo," akasema.

Shwa... shwa... akaelekea dirishani.

Taa ikawaka. Nesi alikuwa mlangoni na ufagio wake, ananiuliza kwa nini nalia. Hakukuwa na mtu mwingine. Niliweka mkono kwenye paji la uso la binti yangu: lilikuwa baridi, jasho limemtoka, amelala usingizi wa kweli. Ndipo nikatembea zile hatua kumi na tano.

Bibi alikuwa macho. Anapumua kwa shida, vidole vinatafuta kitu kwenye shuka. Nilimpa mkono wangu kwa kuwa hakukuwa na mwingine.

"Ni wewe uliyeniita?" akanong'ona.

Nikamwambia siyo mimi.

Alikata roho kabla ya alfajiri. Nesi alisema ni uzee. Baada ya siku mbili tuliruhusiwa, binti yangu anatembea kwa miguu yake, anadai chakula, analalamika viatu vimembana.

Sikumweleza mtu. Usiku wa kwanza nyumbani nililala fofofo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Jambo moja tu lilikuwa linanisumbua: kwa nini yule mwanamke aliniita somo. Somo ni mtu mnayeitana jina moja. Mimi jina langu ni tofauti kabisa, halifanani na lile hata kwa herufi. Nikajiambia alikosea.

Wiki tatu zikapita hivyo.

Jana jioni nilikuwa natia pindo mapazia ya mteja, mlango umeegeshwa, binti yangu yuko chumba cha ndani anapanga madaftari. Jua lilikuwa linazama. Mtu akaniita kutoka nje.

Aliniita Mama, kisha jina la mwanangu.

Kama wanavyoniita wote. Kama anavyoniita muuza mkaa, mwenye nyumba, wateja, nesi yule, hata mume wangu alipokuwa hai. Miaka kumi na saba sijaitwa jina jingine. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Halafu ile harufu ikapita chini ya mlango.

Mguu wangu ukaganda kwenye pedali. Nikaelewa kwamba hakukosea kitu. Jina lile nimelibeba mimi pia, kila siku, tangu siku ile mtoto alipolia. Na kuna jambo la pili nililielewa. Sauti iliyokuwa inaita siyo ile ya wodini. Hii ilikuwa nzito, ya kizee, yenye usingizi ndani yake. Ilikuwa sauti ya bibi wa dirishani.

Akaita mara ya pili. Karibu zaidi.

Niliuma kitambaa cha pazia. Nikakiuma kwa meno yote. Nilijiambia mara tatu tu, ziko tatu tu, leo ni nje tu, kama kule getini, nitapata siku mbili za kufikiri, nitahama, nitatafuta...

Akaita mara ya tatu.

Nimemlea mwanangu vizuri. Tangu mdogo nimemfundisha kwamba mgeni haachwi akiita nje bila kujibiwa, na mama akiwa kwenye cherehani hasikii, basi yeye amsaidie.

"Abee," akaitika kutoka chumbani. "Anakuja."

Nje kukawa kimya.

Nilikwenda nikajilaza kando yake usiku kucha, nimemshika mkono, na mkono ulikuwa wa moto. Alfajiri nikapitiwa na usingizi. Dakika chache tu, naapa. Nilipozinduka mikono yetu ilikuwa imeachana, naye amegeukia ukutani, amejifunika shuka mpaka kichwani.

Sasa jua limechomoza. Muuza maziwa amepita, watoto wa jirani wamekwenda shule. Nimekaa ukingoni mwa kitanda na mkono wangu uko juu ya shuka, haujagusa. Neno moja tu, jina lake, lingetosha. Mama yeyote angelisema.

Nimefungua mdomo mara nyingi tangu nizinduke. Jina lile limesharudi kwa mwenyewe, na sijui nimwite nani.