Mkono wa Zuhura

Binamu yangu Zuhura, mtu wa Tanga, alikuwa akimtunza kikongwe wa Kigiriki hapa mtaani kwetu Bertrams. Akiitwa Bibi Anthoula, miaka themanini na minane. Mwaka jana, mwezi wa nne, bibi alitaka kukiona kijiji alikozaliwa, kisiwani Krete. Wanawe wakamkatia na Zuhura tiketi, amsindikize. Tulifurahi. Nilimwazima koti langu.

Krete ni milima mitupu. Dereva aliwashusha barabara ilipoishia, akaahidi kurudi saa tisa. Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Nyumba za mawe kama ishirini, na mtu hakuna. Wala mbwa.

Bibi aliielekea nyumba yao bila kusita. Mlango ulikuwa wazi. Mezani, sahani tatu na donge la sufu mbichi. Mkate ulikuwa ukitoa mvuke.

"Nani kapika, bibi?"

"Mama na dada," bibi alinong'ona, akaketi. "Wewe usile."

Kiti cha pili kikasogea. Kisha cha tatu.

Zuhura alinyoosha mkono amvute bibi, watoke. Mkono ukapokelewa. Mkono ulioupokea haukuwa wa bibi. Mikono ya bibi yote miwili ilikuwa juu ya meza.

Dereva alimkuta Zuhura kasimama nje, peke yake. Polisi walimtafuta bibi siku nne. Ile nyumba haikuwa na meza. Haikuwa hata na paa. Ndani umeota mtini mkubwa.

Aliporudi, Zuhura aliwasimulia wana wa Bibi Anthoula kama ninavyokusimulia wewe. Hakulia.

Asubuhi moja nilimkuta kaishika sufuria ya uji kwa kiganja kitupu, jikoni.

"Eish, Zuhura! Unaungua!"

"Sisikii kitu," alisema.

Daktari alimchoma sindano kiganjani, kiwikoni, begani. Hakushtuka. Vipimo havikuonyesha ugonjwa. Sasa ganzi imefika shingoni. Haongei. Nikienda kazini namfungia kwa nje, asije akapotea. Ufunguo ni mmoja, ninao mimi.

Juzi Jumanne nilirudi saa kumi. Alikuwa kaketi kitandani kama nilivyomwacha. Ila asubuhi nilimwacha na nywele timutimu, na sasa zilikuwa zimesukwa. Msuko mmoja, mwembamba, umezungushwa kichwa kizima kama taji. Mimi siujui msuko ule.

"Nani kakusuka?"

Niliufuata msuko kwa vidole.

Ncha ilikuwa imefungwa kwa uzi wa sufu mbichi. Nilipoufungua, vidole vyangu vilibaki na mafuta ya kondoo.