Konokono wa Masele

Modesta alirudi nyumbani Kiseke jioni, miguu ikimuuma. Kutwa nzima alikuwa amesimama katika soko la Mwaloni akiuza dagaa. Alipika, akamwogesha mumewe, akamlisha. Kisha akavuta ndoo aoshe tangi la kioo.

Mumewe, Masele, alikuwa amepooza upande mmoja. Maneno yalimtoka kwa shida. Kila siku alikaa mbele ya lile tangi akitazama konokono wake wakitambaa juu ya mchanga. Hakuwa na starehe nyingine.

Lakini konokono walikuwa wanakufa. Modesta alimwaga maji yote, akasugua mchanga kwa sabuni ya unga, akajaza maji ya bomba. Kulipokucha, hakuna konokono aliyekuwa hai. Masele aligeukia ukutani, akakataa uji.

"Basi, baba, nitakuletea wengine," Modesta alisema kwa uchovu. Akachukua kopo, akashika njia ya ziwani.

Njiani alikutana na jirani yake Kokulinda, mfugaji wa samaki.

"Modesta, na kopo asubuhi hii?"

"Naingia ziwani kuokota konokono, dada."

"Usiingie! Baadhi ya konokono wa ziwani wana vijidudu vya kichocho. Vinatoka kwa konokono, vinaogelea majini, vinapenya ngozi yako hata kama huna kidonda."

"Mbona nimeshaingia mara nyingi?"

"Basi nenda zahanati ukapimwe. Kichocho kina dawa."

Modesta akaketi juu ya jiwe. Machozi yakamtoka. "Nimechoka, dada Koku. Kila jioni naosha lile tangi, na bado wanakufa."

"Unaliosha kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni."

"Pole. Sabuni ndiyo inayowaua. Twende nikaone."

Walipofika, Kokulinda aliutoa mchanga wote, kwa kuwa sabuni ilikuwa imeuingia. Alileta mchanga laini kutoka kwake. Wakausuuza kwa maji matupu mpaka yakatoka meupe, wakautandaza kina cha vidole viwili.

"Ukijaza mchanga mwingi, chakula kinaozea chini," alisema. "Mchanga unakuwa mweusi na kunuka. Wape chakula kidogo, na kinachobaki ukitoe. Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, kwa hiyo yaache usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi ili iishe. Na usibadili maji yote. Toa robo tu, mara moja kwa wiki."

"Kwa wiki?" Modesta alidhani hakusikia vizuri.

"Kwa wiki, mama. Ulikuwa unajitesa bure."

"Na magamba yao yalikuwa yanamomonyoka."

"Walikosa chokaa. Chemsha maganda ya mayai, yaponde, uwawekee. Ukimaliza kushika tangi, nawa mikono."

Maji yalipokwisha kutulia siku kadhaa, Kokulinda alileta konokono waliozaliwa kwenye tangi lake mwenyewe. Hao hawakuwahi kugusa maji ya ziwa. Modesta alikwenda zahanati, akakutwa na kichocho, akapewa dawa.

Masele akarudia kula uji wake. Miezi ikapita. Konokono wakazaana.

Jioni moja Modesta alirudi kutoka Mwaloni amechoka kama kawaida. Alipika, akamlisha mumewe. Masele akapigapiga benchi kwa mkono wake mzima.

"Kaa," alisema.

Modesta akakaa. Wakamtazama konokono mdogo akijichimbia mchangani, taratibu, mpaka usingizi ukamchukua Modesta begani kwa mumewe.