Kimya cha Daktari wa Watoto

Chumba cha dharura cha watoto kilikuwa kimefurika asubuhi ile seremala alipoingia mbio, shati limejaa vumbi la mbao, mpwa wake akitetemeka mikononi. Mtoto alikuwa amekaza meno, na mjomba mtu anahangaika kumtia kijiko mdomoni.

"Toa hicho kijiko!" Daktari alikinyakua. Alikuwa mwanamke mwembamba, sare ya kijani, raba nyeupe, macho mekundu kwa uchovu. "Mlaze ubavu. Hivyo. Usimkandamize."

"Atameza ulimi!"

"Hakuna anayemeza ulimi, kaka. Ni degedege la homa. Tusubiri pamoja."

Likapita. Mtoto akavuta pumzi, akalia, akamwita mama yake. Seremala naye akalia.

"Sasa mgonjwa wangu ni yupi?" daktari akamtania, akimpa pamba ya kufutia machozi.

Utani ule ukazaa simu za kila siku kati yao.

"Umekula, daktari wangu?"

"Biskuti."

"Biskuti si chakula, mpenzi."

"Basi niletee, fundi wa maneno."

Akapeleka. Akakuta nyumbani kwa daktari chumba chenye kiti kimoja, cha mtu asiyetarajia mgeni. Wiki iliyofuata akamchongea cha pili.

Kisha simu zikaacha kupokelewa. Siku zikapita, ujumbe haujibiwi. Seremala akamlalamikia dada yake, "Yule msomi amenichoka."

"Amekwambia?"

"Bado."

"Basi nenda ukaambiwe."

Akamkuta mchana kwenye benchi nyuma ya wodi, chai imempolea mkononi.

"Kama una mwingine, sema niende zangu."

"Sina mwingine. Hata mimi mwenyewe sijipati." Daktari hakuinua uso. "Tulimpoteza mtoto. Kuharisha tu. Alifika ameishiwa maji, mshipa wa kumwekea dripu haupatikani. Tulipomaliza, mama yake akaniuliza kama anaweza kumvisha soksi, asipate baridi. Ndipo ukapiga. Nikaiangalia simu ikiita, nikakosa la kusema. Kesho yake nikaona aibu kwa ajili ya jana."

Seremala akakaa, akaacha nafasi kati yao.

"Nimekutukana karakana nzima ikinisikia."

"Matusi gani?"

"Hayasemeki hospitalini."

Daktari akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamshinda. Seremala akaiziba ile nafasi.

"Naomba nikuoe. Siku ukikosa maneno, usiongee. Pokea tu, nikusikie unapumua."

"Na ukichoka na kimya changu?"

"Nitachoka. Na nitakwambia nimechoka."

Daktari akamtazama sana. "Ungesema hutachoka, ningekataa."

Muuguzi akaita kutoka mlangoni: mtoto mwingine amefika, anapumua kwa shida. Daktari akainuka na kuondoka mbio. Mlangoni akageuka.

"Ndiyo," akasema, mlango ukafungwa nyuma yake.

Seremala akabaki peke yake kwenye benchi, mchumba wa mtu, bila mtu wa kumwambia.