Yowe la Mashine ya Tatu

Mashine ya tatu ilikufa mwaka juzi, haina hata waya wa umeme, lakini asubuhi ile mlango wake ulikuwa wa moto.

Mfuaji wa chumba cha kufulia cha hospitali akaurudisha mkono haraka. Hakuwa amekwenda kufua, alikwenda kupiga yowe. Ndivyo walivyopumua mle ndani: muuguzi akikufokea kwa shuka ambalo hukulichafua wewe, unajibu "samahani sista," unaingiza kichwa kwenye mashine mbovu, unapiga yowe, unafunga mlango, unarudi kazini mpole kama bibi harusi.

"Leo unamtukana nani?" akauliza mpiga pasi.

"Mwanangu. Kakojoa kitandani tena."

"Harakisha, foleni ni ndefu."

Akafungua. Harufu ya nywele zilizoungua ikamvaa usoni. Kabla hajafumbua kinywa, mashine ikasema, kwa sauti ya mfuaji mwenyewe, taratibu: "Leo nitampelekea mimi."

Alikimbia na aproni yake mpaka nyumbani. Binti yake wa miaka sita alikuwa chini ya kitanda, ameziba masikio, na bibi yake amepiga magoti akimbembeleza bila kusikia chochote, lakini mama alisikia, yowe la jana na la juzi na la miaka miwili yote likitoka ukutani, likitoka kwenye godoro, likimwita mtoto mzigo, likimwita mkosi, kila neno lake, kila neno kwa sauti yake.

"Mama, basi," mtoto akanong'ona. "Nitaacha kukojoa."

Mganga alifika mchana, akavua viatu mlangoni, akanusa.

"Mmemlisha jini hasira miaka miwili, sasa mnamshangaa kunenepa?"

"Babu, chukua chochote. Mwanangu tu uniachie."

"Mwambie mtoto ukweli, kwa upole. Akikusamehe, jini atakosa chakula."

Mama akalala kifudifudi sakafuni, uso kwa uso na mwanawe.

"Mama amechoka, mwanangu. Kosa si lako. Ni kazi. Maneno yale niliyatupa nikidhani hayatakufikia. Nisamehe."

Mtoto akaondoa mikono masikioni. Akamshika mama mashavu, na viganja vilikuwa vya moto kama pasi. Akatabasamu, akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mama.

"Mbona kwa upole? Paza sauti."

Mganga alikuwa tayari mlangoni, anatafuta viatu.