Mstari wa Arobaini na Moja

Molekuli mia tatu ziliingizwa kwenye programu ya kompyuta, na mia mbili tisini na tisa zikatoa vipimo vyake: uzito, umbo, namna zinavyoyeyuka kwenye mafuta. Moja tu, ya mstari wa arobaini na moja, ilikaa tupu.

Mkemia alikuwa msichana makini. Aliongeza hidrojeni zilizosahaulika kwenye mchoro wake, akaondoa chumvi, akajenga umbo upya. Tupu. Akaufuta mstari mzima; alipoendesha hesabu tena ulikuwa umerudi, na chumba kikanuka nywele zinazoungua.

Mkuu wa maabara alikuwa mjomba wake, ndiye aliyemlea. Mtu wa kilo mia na nne ambaye akili yake, sidhani kama ingetikisa mizani. Cheo alikipata kwa kelele, maana debe tupu haliachi kuvuma. Kila pengo la hesabu alilijaza sifuri, miaka ishirini sasa, na akajiita mtaalamu.

"Jaza sifuri," alisema, kiti kikilia chini yake.

"Mjomba, sifuri ni jibu," mkemia alinong'ona. "Hapa hakuna jibu. Na kuna kitu kinapumua ndani ya mstari huu. Tafadhali, usikiandikie chochote."

"Feni hiyo, mtoto wee! Shahada zote hizo na bado unaogopa majini?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Alimsukuma kando, akaandika mwenyewe: uzito, sifuri.

Kiti kikanyamaza.

Mkemia alisubiri kilie, kwa kuwa mjomba alikuwa akitikisika kwa kicheko kama kawaida yake, lakini hakikulia, wala viatu vyake havikutoa sauti alipoinuka kwenda dirishani na kurudi, na kwenye skrini ile sifuri ilikuwa ikipanda yenyewe, kumi, hamsini, tisini, hadi ikasimama kwenye mia na nne, huku ile pumzi ikizidi kuwa nzito, pumzi ya mtu aliyeshiba.

"Mjomba, uzito wako umeingia mle! Usiguse, nakuomba, nitafute namna ya kuurudisha."

"Takataka," alisema yule mpumbavu, akaufuta mstari.

Pale aliposimama vilibaki viatu tu, kamba zimefungwa.

Mkemia aliendesha hesabu upya, machozi yakimtoka, akiomba mstari urudi naye. Ulirudi, tupu kama mwanzo.

Nyuma yake, kiti kikalia.